Hodi Isiyoitikiwa: Historia Fupi ya Kanda, Waya na Kompyuta Isiyotambua

Kuna aina mbili za "haioni". Ya kwanza ni pale unapochomeka kibadilishi cha video kwenye kompyuta, kile chenye mkia wa USB upande mmoja na matundu matatu upande wa pili, la njano, jeupe na jekundu, na kompyuta ikakaa kimya kama vile hujagusa kitu. Ya pili ni pale kompyuta inapokubali kwamba kifaa kipo, ila programu ya kurekodia inakuonyesha kioo cheusi tii au buluu tupu. Watu wengi huzichanganya hizi mbili, na siku nzima inaishia kwenye kubadilisha waya wa njano ambao hauna kosa lolote.

Nimezitumia wiki kadhaa mwaka huu nikipambana na zote mbili, kwa ajili ya kanda moja ya VHS. Nilianza nikidhani ni kazi ya ufundi tu. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona ni kazi ya historia. Kila mahali picha ilipokwama palikuwa na tarehe yake: mwaka fulani watu fulani walikaa wakakubaliana jambo, au kampuni fulani ikaamua kuacha kutengeneza kitu. Kitu nilichojifunza ni hiki, na ndicho ninachotaka kukiandika hapa: kumbukumbu mara nyingi haifii kwenye kanda. Hufia njiani, mikononi mwa mkalimani.

Kanda iliyotangulia kituo

Kanda yenyewe ni ya harusi ya shangazi yangu, Tanga, mwaka 1992. Harusi kama harusi nyingine: ngoma, sinia za pilau, watoto wanaopita mbele ya kamera makusudi. Lakini usiku wa kesha bibi yangu mzaa baba alisimama akamuusia binti yake kwa mashairi. Bibi hakuandika ubeti hata mmoja maishani mwake. Alitunga kichwani na akasema kwa mdomo, na kila anayemkumbuka ana kipande chake: huyu ana mwanzo, yule ana kituo, na vipande havishonani. Nakala kamili ya maneno yake ipo mahali pamoja tu duniani, kwenye mita mia mbili na kitu za utepe mweusi ndani ya boksi la plastiki.

Ili kuelewa kwa nini ni mahali pamoja tu, inabidi ukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walishatangulia, tena kwa televisheni ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970. Kenya walikuwa nayo tangu 1962. Bara, serikali ya awamu ya kwanza iliiona televisheni kuwa anasa, na ITV ilikuja kuanza kurusha matangazo mwaka 1994. Lakini televisheni zenyewe, zile za chogo, zilikuwepo majumbani kabla ya hapo. Zilikuwepo kwa ajili ya deki. Deki ililetwa na baharia, na mwanafunzi aliyerudi kutoka nje, na ndugu aliyekuwa Muscat au Dubai. Jirani mmoja akiwa nayo, mtaa mzima ulikuwa nayo.

Kwa maneno mengine, kwetu Bara kanda ilitangulia kituo. Watu walijiona kwenye kioo cha televisheni, wakiwa kwenye harusi zao na maulidi yao, kabla hawajamwona mtangazaji wa habari. Hili si jambo dogo kwa mtu anayejali kumbukumbu. Nchi ambayo televisheni yake ilianza na kituo, picha zake za zamani ziko kwenye ghala la kituo, na kuna mtu anayelipwa mshahara kuzitunza. Picha zetu za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ziko kwenye makabati ya vyombo, chini ya vitanda, juu ya dari, pamoja na mende.

Na si harusi tu. Wasomaji wa rika langu watakumbuka vibanda vya video, na sauti ya Lufufu ikipita juu ya filamu ya Kihindi au ya Kichina, akitafsiri, akifafanua, akitia chumvi, akimpa mhusika methali ambayo mwandishi wa filamu hakuwahi kuiota. Hata *Titanic* aliipitia. Kule Uganda kazi hiyo hiyo wanaifanya maviijei hadi leo. Mimi naihesabu kuwa fasihi simulizi kamili, yenye mtambaji, hadhira na papo kwa papo yake. Tofauti ni kwamba jukwaa lake lilikuwa mkanda wa VHS. Aliyeshindwa kuucheza mkanda ule leo ameshindwa kusoma kitabu.

Kutoka ukumbi wa Chicago hadi deki ya sebuleni

Picha kurekodiwa kwenye sumaku kulifika sokoni mwaka 1956. Aprili ya mwaka huo, kwenye mkutano wa watangazaji mjini Chicago, kampuni ya Ampex ilionyesha mashine yake ya kwanza ya kurekodi video kibiashara. Ilikuwa kubwa kama kabati, kanda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, na bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Kabla ya mwaka kuisha CBS walishaitumia hewani.

Kanda zilikuwa ghali, basi vituo vikafanya alichofanya kila mmoja wetu na kanda za kaseti: vikarekodi juu yake. BBC walifuta vipindi vyao vingi kiasi kwamba sehemu zaidi ya 90 za *Doctor Who* ya miaka ya 1960 hazijulikani zilipo. Hata NASA walikuja kukiri mwaka 2009 kwamba kanda za awali zilizopokea picha za Apollo 11 kutoka mwezini huenda zilifutwa ili zitumike tena. Nasema haya ili tusijione sisi peke yetu ndio wazembe.

Mashine ya kukaa sebuleni ilikuja miaka ishirini baadaye. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, na JVC wakatoa VHS mwaka 1976, kazi iliyoongozwa na wahandisi Shizuo Takano na Yuma Shiraishi. Werevu wake uko kwenye pipa dogo linalozunguka. Picha inahitaji kasi kubwa sana ya kanda, na kanda ikikimbia kiasi hicho itaisha kabla bibi harusi hajatoka ndani. Kwa hiyo kanda inatambaa polepole, kama sentimita 2.3 kwa sekunde, huku vichwa vya kusomea vikizunguka kwenye pipa mara 25 kwa sekunde na kuchora mistari ya mshazari juu yake. Kanda inatambaa, kichwa kinakimbia.

Hapo ndipo penye siri ya matatizo yote yatakayofuata. Kanda ya VHS haikuhifadhi picha kama kitabu kinavyohifadhi herufi. Imehifadhi mawimbi, na mawimbi yale yanategemea pipa lizunguke sawasawa na kanda ivutwe sawasawa. Utepe ukilegea kidogo kwa joto la miaka thelathini, mstari mmoja wa picha unakuja mapema, mwingine unachelewa. Televisheni ya chogo ilikuwa na uvumilivu wa mzee wa baraza. Ilisubiri, ikarekebisha, ikaendelea. Kompyuta haina uvumilivu huo.

"Nani?"

Sasa turudi kwenye ile aina ya kwanza ya "haioni", ambapo kompyuta haijui kabisa kwamba kifaa kimechomekwa.

USB ilitangazwa mwaka 1996, na toleo la pili likaja mwaka 2000. Kila kifaa cha USB kinapochomekwa kinabisha hodi. Kompyuta inauliza "Nani?", na kifaa kinajibu kwa namba mbili: moja ya mtengenezaji, nyingine ya bidhaa. Kisha kompyuta inatafuta kwenye rejesta yake kama ina draiva, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho. Ikiwa nayo, mgeni anakaribishwa. Ikiwa hana, mgeni anabaki barazani.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe "mbona hakuna picha?" Liwe: je, hodi imesikika? Kwenye Windows utafungua Device Manager; kwenye Linux utaandika amri ya lsusb. Kama hakuna mstari wowote mpya unaojitokeza ukichomeka na kuchomoa, hodi haikusikika, na tatizo ni la mwili: tundu, waya, au umeme. Achana na vigawanyio vya USB vyenye matundu manne. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani chomeka nyuma, si mbele. Baadhi ya vibadilishi vya zamani havipatani na yale matundu ya buluu ya USB 3, basi jaribu jeusi. Na kumbuka uzito wa mzigo: picha moja ya PAL ina nukta 720 kwa 576, mara 25 kwa sekunde, na kila nukta inachukua baiti 2. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 20 kila sekunde. USB ya kwanza ilibeba megabiti 12 tu, sawa na megabaiti moja na nusu. Ni kama kupitisha mto kwenye mrija wa soda.

Hodi yangu ilisikika. Kwenye Device Manager palitokea jina lisiloeleweka lenye alama ya njano ya mshangao. Maana yake: mgeni amefika, ila hakuna anayejua lugha yake.

Hapa ndipo panapokuwa na kichekesho cha biashara ya dunia. Boksi la kifaa changu halikuwa na jina la kampuni ya maana, na hilo ni jambo la kawaida kwenye bidhaa hizi. Umbo lile lile la plastiki, lenye rangi ile ile na maandishi yale yale, linauzwa Kariakoo, Nairobi, Guangzhou na London, na ndani yake mna chipu za koo tofauti kabisa. Watu wa Linux, ambao huandika kila kitu, wameorodhesha angalau koo nne zinazouzwa kwa jina moja la EasyCAP: STK1160, EM2860, USBTV007 na SMI2021. Ukiwa na draiva ya ukoo mmoja, hutaelewana na ukoo mwingine hata mkiwa mmevaa kanzu moja. Kutoka nje huwezi kuwatofautisha. Wanatofautishwa na zile namba mbili tu. Ndiyo maana jirani yako anakwambia "mbona yangu inafanya kazi na ni hiyo hiyo?" Siyo hiyo hiyo.

Ukoo wa SMI2021 una kisa ambacho mpenzi wa riwaya atakipenda. Chipu hiyo huja haijui yenyewe ni nani. Inapobisha hodi inatoa namba moja, halafu inasubiri isomewe maelekezo yake kutoka kwenye kompyuta. Ikishasomewa inajitoa, inabisha hodi upya, safari hii kwa namba nyingine, na sasa inaweza kufanya kazi. Ukizima umeme inasahau kila kitu. Kila asubuhi ni lazima isimuliwe habari zake upya.

Na draiva zenyewe? Zilikuja kwenye sidii ndogo, na laptopu nyingi za leo hazina pa kuiweka sidii. Ukiipata, inawezekana iliandikwa kwa ajili ya Windows XP. Windows za biti 64, kuanzia Vista, zilianza kudai draiva ziwe na saini ya kidijitali. Ya zamani isiyo na saini inakataliwa mlangoni. Apple nao mwaka 2019, kwa toleo la Catalina, waliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, na siku hiyo programu nyingi za kurekodia video zikawa mawe. Kifaa hakikuharibika. Kanda haikuharibika. Kilichobadilika ni sheria ya mlango.

Niliandika zile namba mbili kwenye karatasi, nikatafuta ukoo wake, na ikawa si ukoo ule uliokuwa kwenye sidii. Nikaiwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa Windows yangu. Kifaa kikatambulika pale pale, bila sidii, bila kuuliza. Sababu ni kwamba kuna watu waliokaa usiku kwa hiari yao, wakachunguza vifaa hivi vya bei ya sahani mbili za biriani, wakaandika draiva na kuziweka ndani ya Linux yenyewe. Ile ya STK1160 iliingia mwaka 2012. Mtengenezaji akishasahau bidhaa yake, hawa hawasahau. Nitawarudia.

Kifaa kipo, picha hakuna

Hapo nikafika kwenye ile aina ya pili, kioo cheusi.

Sababu nyepesi zije kwanza, maana fundi mwenye busara huanza na taa kabla ya nguzo. Waya wa njano uwe kwenye tundu la deki la kutolea picha, si la kuingizia; kwa nyuma yanafanana kama mapacha. Kwenye programu chagua chanzo cha njano, yaani composite, maana nyingi huanza na S-Video. Kama uko Windows 10 au Mac ya kuanzia 2018, ingia kwenye mipangilio ya faragha uiruhusu programu kutumia kamera. Kibadilishi hiki huhesabika kama kamera, na ulinzi uliowekwa ili usipelelezwe chumbani kwako humzuia hata bibi yako.

Kisha kuna suala la mfumo. Afrika Mashariki, kama Ghuba na sehemu kubwa ya Ulaya, tulitumia PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Marekani walitumia NTSC: mistari 525, picha karibu 30. Kanda ya ndugu wa Dubai itaenda bila shida. Ya ndugu wa Chicago itapanda na kushuka kwenye kioo, au itapoteza rangi, mpaka deki na programu zote mbili zielezwe kwamba huyu ni mgeni wa NTSC. Ugomvi huu wa mifumo ulipatanishwa, kwa upande wa dijitali, mwaka 1982, pale chombo cha kimataifa cha redio, CCIR, kilipopitisha pendekezo namba 601: mifumo yote miwili ipimwe kwa kasi moja, megahezi 13.5, na kila mstari utoe nukta 720. Kile kidude cha plastiki kwenye meza yangu ni mjukuu wa mkataba huo. Miaka kumi kabla bibi hajasimama kwenye kesha, walikuwepo watu kwenye ukumbi wa mikutano waliokubaliana jinsi sauti na sura yake zingeweza siku moja kuhesabika.

Sababu iliyonikamata mimi ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote kwa maana yake. Picha ilikuja sekunde tatu, ikakatika, ikaja tena, ikakatika. Kwenye televisheni ya chogo ya fundi mmoja wa mtaani kanda ile ile ilikwenda vizuri, ikitetemeka kidogo tu juu.

"Kanda nzima hii, kaka," fundi aliniambia. "Kidude chako ndicho kinachoogopa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Miaka ya 1980, wauzaji wa filamu walitaka kuzuia watu kunakili kanda. Ikaja mbinu ya Macrovision, iliyotumika kwa mara ya kwanza kwenye kanda ya filamu ya *The Cotton Club* mwaka 1985. Walificha mapigo ya umeme kwenye ile mistari ya juu ya picha isiyoonekana kwenye kioo. Televisheni haikujali, lakini deki ya pili iliyojaribu kurekodi ilichanganyikiwa, picha ikafifia na kung'aa. Vibadilishi vya kompyuta vilipokuja, vingi vilifundishwa kuyatambua mapigo hayo na kukataa kazi.

Sasa angalia kinachotokea. Kanda ya nyumbani iliyozeeka, yenye mistari ya juu iliyopinda kwa joto na miaka, inaweza kutoa vurugu zinazofanana na mapigo yale. Kibadilishi kinaona vurugu, kinadhani ni mali ya studio, kinafunga mlango. Harusi ya Tanga inashukiwa kuwa wizi wa Hollywood. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini ndivyo ilivyo: kufuli lililotengenezwa kulinda mali ya tajiri wa mbali linafunga sanduku la maskini ambaye hakuulizwa.

Dawa yake ni kuweka kati ya deki na kibadilishi kitu kinachoweza kunyoosha mawimbi. Wenye fedha hununua kifaa maalumu cha kusahihisha wakati wa mistari. Sisi wengine hutafuta rekoda ya DVD ya zamani, ile iliyokuwa na uwezo wa kurekodi, tukapitisha picha ndani yake bila kurekodi chochote; nyingi zina kinyooshi ndani. Fundi alikuwa nayo moja, inakusanya vumbi. Deki ikaingia kwenye rekoda, rekoda ikaingia kwenye kibadilishi, kibadilishi kikaingia kwenye laptopu. Wakalimani watatu kwa mzungumzaji mmoja.

Picha ikatulia. Kesha lina dakika 41. Bibi anaonekana dakika ya 23, amejifunga leso mbili, na anasema kwa muda mfupi kuliko nilivyosimuliwa maisha yangu yote. Nimeandika beti tisa. Kwenye ubeti wa sita mpiga ngoma anapitiliza, na mshororo mmoja nimeuacha na nukta. Shangazi alisikiliza kwa simu mara mbili, akasema, "Hapo panaachwa hivyo hivyo, mwanangu. Usimtungie." Sikumtungia.

Mwalimu Sikujua na kazi ya kati

Wapenzi wa ushairi tunalo deni kwa mtu wa aina hii ya kati, na tunamsahau. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akampa W. E. Taylor na kumfafanulia. Karatasi zile zikahifadhiwa, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kama diwani, kwa herufi za Kirumi. Mdomo, kalamu ya Kiarabu, kalamu ya Kirumi, mashine ya chapa: wakalimani kwa zamu. Mmoja wao angekosekana, hodi ya Muyaka isingeitikiwa. Na jina la aliyebeba mzigo mzito zaidi ni Sikujua, wakati yeye ndiye aliyejua.

Tofauti na leo ni kasi. Mtu anayejua kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu anaweza kuusoma mswada wa karne tatu zilizopita kwa jicho na mwanga wa dirisha. Uingereza walijifunza tofauti hiyo kwa aibu. Mwaka 1986 BBC walisherehekea miaka 900 ya Domesday Book kwa kutengeneza Domesday mpya kwenye diski za leza, na zaidi ya watu milioni moja walichangia. Haikupita miaka ishirini kabla wataalamu hawajalazimika kufufua mashine ya kuisomea, kwa kuiigiza ndani ya kompyuta mpya. Kitabu cha mwaka 1086 muda wote huo kilikuwa kinasomeka kwa macho.

Upande wetu saa imeshagonga. Mwaka 2016 Funai wa Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, walisimama. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na IASA, ambacho ni chama cha kimataifa cha watunza hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku zote, wakiutaja mwaka 2025 kuwa mpaka ambao baada yake kuzihamisha kungekuwa kugumu mno na ghali mno. Hoja yao haikuwa kwamba kanda zitaoza siku hiyo. Hoja ilikuwa kwamba mashine zitaisha, vipuri vitaisha, na wanaojua kuzitengeneza watastaafu. Mwaka ule umepita. Kanda bado zipo.

Tulipohamishwa kutoka analojia kwenda dijitali, kuanzia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, tulihamishwa kwa ving'amuzi na matangazo. Tulijifunza neno hilo mpaka likawa tusi: fulani ni mtu wa analojia. Lakini hakuna king'amuzi kilichotolewa kwa ajili ya makabati. Hiyo kazi imeachiwa sisi.

Basi ukiwa na kanda nyumbani, usianze na kibadilishi. Anza na deki, maana ndiyo inayopotea. Kanda yenye ungaunga mweupe wa kuvu usiicheze, itachafua vichwa na kuambukiza nyingine. Mpelekee anayeweza kuisafisha. Kabla ya kununua kidude, uliza chipu yake ni ya ukoo gani, na kama muuzaji hajui, ombi lako liwe kukijaribu hapo hapo kwenye kompyuta yako. Hodi isiposikika, badili tundu. Hodi ikisikika bila kueleweka, andika zile namba mbili. Picha ikikatika, usiilaumu kanda haraka. Na ukifanikiwa, mtafute yule fundi mwenye deki nzima na rekoda ya DVD yenye vumbi, umlipe vizuri, ukamwambie na majirani zako. Yeye ndiye Mwalimu Sikujua wa mtaa wenu, na bado yupo hai.